Bwana Pikapu na Barua ya Huru

Kaburi lake lipo katika kile kighuba wanakozikwa Wakristo, nyuma ya majabali ya Maskati, mahali pasipofikika ila kwa mashua. Jiwe limeandikwa jina lake lote, Ernest Pickup, na miaka miwili, 1905 na 1970, na chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya fundi. Habari za mpira hazikuandikwa. Waliochonga jiwe hawakuzijua, na waliozijua hawakuulizwa. Basi nakaa kuzieleza mimi, na aliye na haraka atanisamehe.

Tuanze na jina. Watu wa Matrah walidhani ni la gari. Alikuwa akiendesha gari dogo la mizigo, la kijani, mali ya tajiri mmoja aliyekuwa akiagiza mashine za kuvutia maji, na magari ya namna ile watu ndio kwanza walikuwa wameanza kuyaita pikapu. Alipofika mwaka 1964, akashuka ndani ya gari, akanyoosha mkono na kusema, "Mimi Pikapu," watu wakaona ni mtu anayejitambulisha kwa kazi yake, kama mwengine anavyosema mimi mpishi. Ilichukua mwaka mzima kufahamika kwamba babu yake pia aliitwa hivyo, na babu yake hakuwa na hata punda.

Alitokea Unguja. Huko alikaa miaka ishirini na sita akitengeneza pampu za maji za serikali, na Kiswahili alikipata huko huko, kwa mafundi wenziwe na kwa wauza machungwa. Kiarabu hakukijua. Kwa hivyo Maskati nzima watu wa kuzungumza nao walikuwa ni sisi tuliotokea Unguja, na sisi miaka ile hatukuwa wengi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kufahamika, isipokuwa neno moja lilimshinda maisha yake yote. Kwao Uingereza kitu kisicho na bei na mtu asiye na bwana vinaitwa kwa neno moja. Yeye akajifunza "huru", akaona linamtosha kwa yote mawili. Alikuwa akisimama sokoni, akinunua machungwa kumi na mbili, akiuliza, "Na la kumi na tatu ni huru?" Wauzaji wakimpa, kwa kuwa hakuna aliyejua la kujibu.

Sasa mpira. Alizaliwa kaskazini ya Uingereza, katika mji wa viwanda vya pamba, na alipofika miaka kumi na tisa timu ya mji ikamwandikisha acheze kwa mshahara. Nafasi yake ilikuwa hafubeki wa kulia. Ukimuuliza hafubeki kazi yake nini, hujibu: "Kumnyang'anya mtu mpira, na kumpa mwengine anayejua la kuufanya." Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo alifunga mabao mawili, moja katika hayo kwenye goli lililokusudiwa.

Mji wa pamba ulimweka miaka minne, kisha ukamuuza kwa mji wa makaa. Huko uwanja ulikuwa mweusi, na mvua ikinyesha hata wachezaji wanakuwa weusi, refa hajui nani ni wa timu ipi. Baada ya miaka minne mingine mji wa makaa ukamuuza kwa mji wa samaki, ulioko pwani, ambao harufu yake peke yake iliipatia timu yao ushindi mara nyingi kabla wageni hawajaizoea. Hapo goti lake likaharibika, na mwaka 1935 kazi ikaisha. Akajifunza ufundi wa mashine, akaomba kazi ya mbali, akapewa Unguja. Mkewe alikataa kuja, akabaki na dada yake. Waliandikiana barua kila mwezi mpaka mkewe alipofariki, na kwa mujibu wa Bwana Pikapu hawakuwahi kugombana tena.

Hayo ndiyo maisha yake ya mpira, na kwa Muingereza yeyote yangekuwa mambo ya kawaida. Lakini yeye hakumsimulia Muingereza. Alimsimulia Bakhit.

Bakhit alizaliwa Matrah, katika nyumba ya wazee wa Sheikh Yaarub. Alipokuwa na miaka kumi na mbili alichukuliwa Unguja pamoja na masanduku. Akakulia huko, akaitwa Bakhit tu, akacheza winga wa kushoto katika timu ya mtaa, akawa rafiki wa mtu mmoja jina lake Harub, aliyekuwa akicheza nae, na ambaye baadae alihamia Matrah pia. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, Sheikh Yaarub alirudi kwao. Mashamba yamekwenda, nyumba imekwenda. Alichoshuka nacho Matrah ni mkewe Bibi Sayyida, masanduku mawili, na Bakhit. Karani wa bandarini akawa anauliza kila mmoja ni nani, na Sheikh akijibu kwa niaba ya wote. Alipofikiwa Bakhit, Sheikh akasema, "Huyu wetu." Karani akaandika.

Unguja neno hilo lingekuwa la mapenzi tu. Maskati ya miaka ile, ambako watu walikuwa bado wakimilikiwa, lilikuwa na maana yake, na maana yenyewe ilikuwa sasa imo ndani ya daftari.

Bakhit hakulishughulikia sana mpaka alipokuja Muhsina. Huyu alikuwa dada yake Harub, mshoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kuolewa na kuachika. Alifika mwaka 1966 kwa njia ya Dubai, na cherehani yake ameipakata kama mtoto. Bibi Sayyida alikuwa akimtuma Bakhit kupeleka nguo kwake. Kanzu moja ya Bibi Sayyida ilipelekwa kupunguzwa mara nne, mpaka haikumfaa mtu yeyote nyumbani. Harub akafahamu, akafurahi, akenda kwa kadhi.

Kadhi akasema, "Huyo wa nyumba ya Sheikh Yaarub? Basi Sheikh atoe ruhusa, tuoze."

Harub alirudi na habari hiyo akidhani ni habari njema. Muhsina aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya ndoa, dada. Maneno mawili tu. Sheikh hatokataa."

"Najua hatokataa. Mimi naolewa na mwanamme au na nyumba nzima? Leo atamtolea ruhusa ya ndoa, kesho ataitoa ya kwenda kumzika mama yangu? Mwambie Bakhit nataka karatasi. Karatasi inayosema yeye ni mtu huru. Bila ya hiyo, basi."

"Taratibu, dada yangu."

"Taratibu nimeanza tangu mwaka juzi, Harub."

Bakhit akenda kwa Sheikh Yaarub. Sheikh alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpiga mtu, wala kupaza sauti, na alikuwa akila chakula kile kile anachokula Bakhit, kwa kuwa kilikuwa hicho tu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani kasema wewe si huru?" aliuliza.

"Hakuna aliyesema, Sheikh."

"Umewahi kulisikia neno jengine hapa nyumbani kwangu?"

"Sijalisikia."

"Basi."

"Basi niandikie kwamba mimi ni huru."

"Sasa mwanangu, nitaandikaje kukanusha jambo ambalo hakuna aliyelisema? Watu wataona lilikuwapo."

Sheikh akampa ruhusa ya ndoa hapo hapo, kwa moyo mweupe, na Bakhit akaenda kumwambia Muhsina, na Muhsina akamwambia aondoke na ruhusa yake. Hapo palikuwa mwanzo wa mwaka 1968.

Siku za Ijumaa, baada ya laasiri, makarani na mafundi walikuwa wakivuka mlima kwenda kucheza mpira katika bonde la Ruwi, kwenye changarawe, mbali kidogo na macho ya watu. Bwana Pikapu alikuwa refa. Hakukimbia, goti halikumruhusu; alikaa juu ya debe katikati ya uwanja na filimbi mdomoni, wachezaji wakimzunguka. Bakhit akiruhusiwa kutoka, hucheza winga wa kushoto pekupeku.

Ijumaa moja mpira uliangukia kwenye miba, Harub na wenziwe wakenda kuutafuta. Bakhit akabaki amekaa chini karibu ya debe. Bwana Pikapu akamwambia anakimbia vizuri, na kwamba mtu kama yeye zamani angeuzwa kwa bei.

"Nani?" Bakhit aliuliza.

"Wewe. Hata mimi, hafubeki tu, niliuzwa mara mbili."

Bakhit akamtazama. Mzungu, mzee, shingo nyekundu, kofia ya majani.

"Wewe, Bwana Pikapu? Aliyekuuza nani?"

"Mwenyekiti. Alikuwa na duka la nyama."

"Kwa kiasi gani?"

"Mara ya kwanza pauni mia mbili na hamsini. Mara ya pili pauni themanini na gurudumu la chuma la kulazia majani ya uwanja."

"Walikuuliza kwanza?"

"Waniulize nini? Niliambiwa niiwahi treni ya saa nne."

"Na mkeo?"

"Alifuata baada ya wiki, na masufuria."

"Na ungekataa?"

"Ukikataa unakaa. Kadi yako wanayo wao. Huchezi, hulipwi, na hakuna mwengine anayeruhusiwa kukuchukua. Mji wa samaki waliniweka hivyo mwaka mzima. Sikuwa na kazi yoyote, lakini nilikuwa mtu wao."

Bakhit alikuwa hajapata kusikia mambo yake yakielezwa sawasawa namna ile, tena na mtu asiyemhusu.

"Ukatokaje?"

"Walinipa barua. Transfa ya huru."

"Barua ya huru."

"Ndiyo. Nnayo nyumbani. Ina muhuri."

"Na wao wakaandika kwa sababu gani? Uliwaomba?"

Bwana Pikapu akacheka. "Kuomba hakusaidii. Ukiwa mzuri hawakuachi hata ulie. Mimi nilikuwa mbovu. Goti bovu, pasi mbovu, kila kitu kibovu. Wakaona wanakula hasara, wakaniachia."

Mpira ukaonekana. Harub akarudi na miba miguuni, na hakuna aliyemwambia kilichozungumzwa. Angekuwapo, hadithi hii ingekwisha hapa.

Bakhit alirudi Matrah akiwa na mpango. Kahawa yake ilikuwa mashuhuri mtaa mzima; watu walikuwa wakija kumsalimia Sheikh Yaarub na kuuliza hali ya Bakhit kabla hawajauliza hali ya Sheikh. Basi akaanza na kahawa. Aliiunguza buni mpaka ikawa makaa, iliki akaisahau kwa makusudi, maji akayachukua ya jana. Wageni wakanywa. Mmoja alikohoa. Mwengine akasema, "Mashallah, leo imekolea." Adabu yao ilikuwa kubwa kuliko kahawa. Sheikh mwenyewe akamaliza kikombe, akakirudisha, akasema, "Una mawazo, Bakhit. Pumzika kesho."

Hapo akaharibu soko. Akitumwa nguru, huleta maboga. Bibi Sayyida alitazama maboga siku ya kwanza, akasema, "Afadhali, samaki tumewachoka." Siku ya tatu akamwambia Sheikh kwamba Bakhit anazeeka, na kwamba kuanzia sasa asitumwe juani.

Ikabaki goti. Bakhit akaanza kuchechemea, mguu wa kulia, kwa kuwa ndio wa Bwana Pikapu. Alichechemea siku mbili. Siku ya tatu Sheikh Yaarub alimleta mganga wa kuchoma, mzee hodari aliyetoka Sumail kwa ajili hiyo, akatia chuma motoni, akamchoma mara tatu kuzunguka goti, kwa kipimo kizuri. Sheikh mwenyewe alimshika mkono. Tangu hapo Bakhit hakuwa na haja ya kujisingizia kuchechemea. Wakamwekea mto barazani, karibu na mto wa Sheikh, awe anakaa hapo asihangaike. Alikuwa ametaka kuachwa, sasa amesogezwa.

Alipanda tena Ruwi baada ya miezi miwili, nyuma ya gari la kijani, na mkongojo. Bwana Pikapu alimsaidia kushuka.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimefanya kama ulivyonambia."

"Nilikwambia nini mimi?"

"Kwamba ukiwa mbovu wanakuachia. Nimekuwa mbovu tangu mwezi wa mfungo tatu. Kahawa mbovu, soko bovu, na goti hili hapa. Barua hakuna. Wanazidi kunipenda tu."

Harub alikuwa karibu. Alianza kucheka, kisha akaliona goti.

"Barua gani, yakhe?"

Bakhit akaeleza yote: kuuzwa mara mbili, mwenye duka la nyama, kadi, na barua ya huru yenye muhuri. Harub alikuwa karani, Kiingereza akikijua, na magazeti ya mpira ya Uingereza aliwahi kuyasoma Unguja. Akaweka mkono kichwani.

"Bwana Pikapu, ile barua yako ni ya bure, si ya huru. Maana yake timu nyengine ikuchukue bila ya kutoa kitu."

"Ndivyo nilivyosema."

"Umesema huru!"

"Si hiyo hiyo?"

"Huru ni huyu anayeitafuta. Bure ni lile chungwa lako."

Bwana Pikapu aliivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa amekisema Kiswahili miaka thelathini. Kisha akamgeukia Bakhit, na ndipo alipofahamu alikuwa amezungumza na nani siku ile, na juu ya nini.

"Bakhit. Mimi niliuzwa, kweli. Lakini jioni nilikuwa nikenda nyumbani kwangu."

"Hata mimi jioni nakwenda nyumbani," alisema Bakhit. "Suala ni nyumba ya nani."

Mpira siku ile ulichelewa kuanza, na refa alisahau kuhesabu mabao. Timu zote mbili zilirudi Matrah zimeshinda.

Jumapili, saa tatu ya asubuhi, Bwana Pikapu alifika barazani kwa Sheikh Yaarub pamoja na Harub. Alivaa koti, na ilikuwa mwezi wa Juni. Mkononi ana barua. Akakaribishwa, akakaa, Bakhit akaja anachechemea na buli. Kahawa ilikuwa bado mbovu, maana hakuna aliyemwambia aache. Bwana Pikapu alikunywa vikombe vitatu bila kuona tofauti.

"Sheikh," alisema, "nimekuja kwa ajili ya Bakhit. Nimemharibia goti kwa maneno yangu."

Akaeleza. Alikuwa mtu wa kueleza mambo kwa utaratibu, kama anavyofungua mashine, na hakuacha kitu. Sheikh alisikiliza mambo ya kahawa bila kugeuza uso, ya maboga pia. Lilipofika neno la kuuzwa akainua mkono.

"Ngoja. Uliuzwa wewe?"

"Mara mbili."

"Na Waingereza wenzako?"

"Na wao hasa."

"Mwaka gani?"

"Ishirini na nane, na thelathini na mbili."

Sheikh Yaarub aliweka kikombe chini polepole. "Babu yangu," alisema, "alikuwa akiletewa balozi wenu hapa hapa, amevaa kofia ya manyoya, akimsomea habari za ubinadamu. Kumbe kwenu mnauzana kwa gurudumu la kulazia majani?"

"Haikuwa sawa na huku, Sheikh. Nilikuwa nikilipwa."

"Bakhit anakula kwangu, anavaa kwangu."

"Na nikiweza kuuacha mpira wakati wowote."

"Ukauacha?"

Bwana Pikapu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Sikuuacha. Nikiupenda. Lakini mlango ulikuwapo, Sheikh, hata kama sikuutumia. Bakhit hana mlango."

Sheikh akaomba aone barua. Harub akamfunulia. Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjwa mara nne, maandishi ya taipu, na muhuri chini una picha ya samaki.

"Nani huyu aliyetia saini?"

"Katibu wa timu. Alikuwa muuza samaki."

"Muuza samaki amekuandikia?"

"Kila mchezaji akiandikiwa."

"Amesema nini? Harub, nisomee, neno kwa neno, usipambe."

Harub akasoma, akigeuza Kiswahili anapokwenda. Kwamba timu inamwachia Bwana Pikapu kuanzia siku ile, haimdai kitu, wala haitodai kwa yeyote atakayemchukua. Kwamba wanamshukuru kwa utumishi wake mwema wa miaka mitatu. Kwamba wanamtakia kheri popote aendapo.

"Rudia hapo."

"Wapi, Sheikh?"

"Hapo alipomshukuru."

Harub akarudia. Bakhit alikuwa amesimama na buli. Sheikh hakumtazama. Alitazama ule muhuri wa samaki muda mrefu, kama mtu anayesoma, ingawa Kiingereza hakukisoma.

"Miaka mitatu," alisema. "Huyu amekuwa na mimi arobaini na moja." Kisha akauliza, "Na hili neno walilolitumia, ni huru au bure? Mmenichanganya."

"Kwao neno moja, Sheikh," alisema Harub.

"Watu wa ajabu. Sisi tunayo mawili, na yote tunayaweza. Bakhit, weka hilo buli. Niletee wino."

Bakhit akaweka buli, akaleta wino. Sheikh aliandika mwenyewe, kwa khati ya mtu aliyefunzwa utotoni kwa fimbo, na alipomaliza akaisoma kwa sauti: kwamba Bakhit, aliyekuwa mtu wa nyumba yake, yu huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, pasina badali wala malipo, hana anayemmiliki wala anayemdai, na kwamba yeye, Yaarub, anamshukuru kwa utumishi wake. Kadhi baadae alisema hajapata kuona hati ya namna hii yenye shukrani ndani, lakini hazibatilishi.

Walihitajika mashahidi wawili. Harub alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa jirani, mzee aliyekuwa amesinzia pembeni ya baraza tangu kikombe cha kwanza. Wakamwamsha, wakamweleza. Mzee akatazama huku na huku.

"Kwani hakuwa huru?" aliuliza.

"Tia saini, bwana," alisema Sheikh.

Bibi Sayyida, ndani, alikuwa akisikia yote. Alituma kipande cha halua kwenye sahani ya kioo.

Ungedhani yamekwisha. Bakhit alichukua karatasi, akapelekwa pamoja na Harub kwa gari la kijani moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Muhsina. Muhsina alifuta mikono, akaipokea, akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili akiifuata kwa kidole.

"Bakhit nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe nakuona. Nauliza bin nani. Mimi nitakwenda kwa kadhi nina baba, nina babu, nina kabila, na mwanamme wangu ana jina moja kama paka?"

"Muhsina!" Harub alisema.

"Nimekosea? Itazame. Harub ana jina la baba yake hapa, kwenye ushahidi. Huyo shahidi wa pili naye ana jina la baba yake. Mwenye karatasi ndiye hana."

Bakhit akaitazama. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeliona hilo, wala yeye mwenyewe. Akaikunja, akapanda gari.

Sheikh Yaarub alikuwa bado barazani, mto wa pili uko pale pale, hauna mtu.

"Mbona umerudi?"

"Nimekuja kulalamika, Sheikh."

"Kulalamika?" Sheikh alinyoosha mgongo. "Miaka arobaini na moja hukulalamika hata siku moja. Nimekuacha asubuhi, na adhuhuri bado."

"Asubuhi ndiyo nimeanza kuweza."

Sheikh akakubali kwamba hiyo ni hoja. Bakhit akamfunulia karatasi na kumwonesha mahali. Sheikh aliitazama, na masikio yake, nimeambiwa, yalibadilika rangi. Akachovya kalamu. Hakuuliza jina.

"Bin Marzuku," alisema akiandika. "Alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Mkaidi kweli. Baba yangu alimwogopa."

"Sikuambiwa hilo."

"Sasa umeambiwa." Kalamu ikangoja juu ya karatasi. "Na Marzuku, bin nani?"

Bakhit hakujua. Alitaraji Sheikh anajua. Sheikh alitaraji Bakhit anajua. Wakatazamana, na wino ukatonya tone moja, likaanguka pembeni.

"Aliletwa mdogo," alisema Sheikh mwishowe. "Hakuna aliyeuliza."

"Hapana," alisema Bakhit.

"Majina mawili yanatosha kwa ndoa." Sheikh akapuliza wino ukauke, akampa kwa mikono miwili.

Nje, Bwana Pikapu alikuwa ameliacha gari likinguruma, kwa kuwa likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe, na wa kusukuma walikuwa yeye na Bakhit, na wote wawili ni wabovu wa goti la kulia.

"Wapi sasa?" aliuliza.

"Kwa kadhi," alisema Bakhit bin Marzuku, akipanda mbele. "Haraka, kabla hajakwenda kusali."